Kuku wa Kipindi cha Kusoma

Wajukuu zangu wakija likizo huniletea vitabu vya wanyama niwasomee, na mimi kabla sijafungua ukurasa wa kwanza huenda dirishani nikavuta pazia. Wao hucheka. Mkubwa, ambaye maneno yake hayana breki, aliniuliza juzi kama macho yangu yanaumizwa na jua. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa mvivu wa kueleza, na maandazi yalikuwa yanaungua jikoni. Baadaye nikaona si vizuri kumdanganya mtoto kwa jambo kama hilo, basi naliandika hapa, naye atalisoma akitaka.

Kituo changu cha kwanza cha kazi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kilikuwa shule ya msingi katika kijiji kimoja mbele ya Madimba, upande wa kuelekea mto Ruvuma. Siku hizi Madimba inatajwa kwa gesi. Wakati ule ilitajwa kwa mihogo, na waliokuwa wakiitaja ni watu wa Madimba wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti kipya cha ualimu, viatu vya ngozi ambavyo mchanga uliviharibu katika wiki ya kwanza, na kiburi cha kutosha shule nzima.

Mimi si mzaliwa wa huko. Baba yangu alitoka Tukuyu kuja kufanya kazi ya ukarani bandarini Mtwara, akatuleta nikiwa mdogo, tukakaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Jumapili, tukishatoka kanisani na kula wali, alikuwa anatandika mkeka barazani, anafungua vifungo vya shati na kutusimulia habari za Sungura na Fisi, saa nane mchana, jua likiwaka. Kila mnyama alimpa sauti yake. Fisi alipewa sauti ya mkubwa wake wa kazi, na mama alikuwa anamsihi apunguze, kwa sababu mkubwa mwenyewe alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilikua nikiamini kwamba hadithi za wanyama na mchana ni kitu kimoja, na kwamba kila mtoto duniani alisimuliwa hivyo.

Pale shuleni, mwalimu mkuu alinikabidhi darasa la tatu, watoto arobaini na kitu. Nyumbani wengi walizungumza Kimakonde, wachache Kimakua, na Kiswahili walikutana nacho darasani na dukani. Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache, na vilivyokuwepo vilizungumza habari za kunawa mikono na faida za choo. Watoto walikuwa wakivisoma kwa sauti ya watu wanaonyweshwa dawa. Kwenye kabati la mwalimu mkuu, chini kabisa, nikakuta kitabu kimoja cha hadithi za wanyama kilichopoteza jalada na kurasa za mwanzo. Mchwa walikuwa wameonja pembe zake. Nilikifungua palepale nikiwa nimechuchumaa, nikamsikia baba yangu. Nilijiambia kwamba sasa watoto hawa watasoma mpaka wachoke.

Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikawaambia leo tunaanza hadithi ya Kobe aliyeazima miguu ya Swala ili awahi harusini. Sijamaliza kusema, darasa zima likaziba masikio. Wa mbele waliinama mpaka chini ya madawati. Nilidhani nyuki wameingia, nikaanza kutazama paa.

"Hiyo ngano, mwalimu," akasema mvulana mmoja, vidole vikiwa bado masikioni. "Ngano hatusemi nchana."

Nikauliza kwa nini. Mmoja akasema ukisimulia ngano mchana unaota mkia. Mwingine akasema si mkia, chakula nyumbani kinagoma kuiva. Wakabishana kidogo. Kisha binti mmoja wa dawati la pili, upande wa ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Mamaako anapotea njia. Anakuwa anakuja, halafu hafiki."

Wengine wote wakaacha kubishana, na sababu yake nilikuja kuijua baadaye. Lakini siku ile sikuijua. Nilikasirika. Niliwaambia huo ni ujinga, na tena sisi hatusimulii, tunasoma. Yule binti akanijibu kwa adabu kabisa kwamba mtu akisoma kwa sauti anasimulia. Sikuwa na jibu, na mwalimu kijana asiye na jibu ni hatari. Nikakisoma kitabu peke yangu, kwa sauti ya juu, kurasa mbili nzima, mbele ya watoto arobaini walioziba masikio. Sijawahi kujiona mpumbavu kama siku ile.

Mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa kule kule, ndiye aliyenieleza habari za yule binti tulipokuwa tunakunywa chai. Binti huyo alikuwa amevuka Ruvuma mwaka uliopita na bibi yake, wakikimbia vita vya ng'ambo. Mama yake alibaki nyuma kumwuguza mzee wao asiyeweza kutembea. Alikuwa ameahidi kwamba mzee akipata nafuu, au akifariki, atafuata. Tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake. Binti alikuwa anaishi na bibi kwenye kibanda cha ukingoni mwa kijiji, na kila kitu alichofanya, alikifanya kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Hakuvuka kizingiti kwa mguu wa kushoto. Hakumwita mama yake kwa jina. Na hakusikiliza ngano mchana.

Wazo la kulitengeneza giza halikuwa langu, ingawa baadaye nililibeba peke yangu. Lilitoka kwa yule mvulana wa kwanza. Alinifuata siku ya tatu akasema, "Mwalimu, tufunge madirisha."

Darasa letu lilikuwa la udongo na miti, limeezekwa makuti, na madirisha yake yalikuwa matundu tu. Watoto wakaja na mikeka na majamvi kutoka nyumbani, sijui waliwaambia nini wazazi wao. Tukaziba matundu yote, tukaning'iniza jamvi mlangoni. Nikawasha koroboi yangu. Saa nne asubuhi mle ndani ukawa usiku, joto la kuokea mkate, moshi wa mafuta ya taa ukipanda, na juu kwenye makuti vitundu vidogo vya jua vikimetameta. Mtoto mmoja akasema nyota zimetoka. Darasa likakubali kwamba kweli, ni usiku.

Binti wa dawati la pili hakukubali. Aliomba ruhusa akaenda kukaa nje, mbali, kwenye kivuli cha mkorosho, akatusubiri tumalize. Kesho yake alinieleza kwamba amemuuliza bibi yake, na bibi amesema usiku hauamuliwi na watu, unaamuliwa na kuku. Kuku akilala, ni usiku.

"Basi?" nikamwuliza.

"Basi tulete kuku, mwalimu."

Alimleta yeye mwenyewe, kuku mwekundu wa bibi yake, ndani ya tenga. Tukamweka juu ya meza yangu. Tukaziba mlango, nikawasha koroboi na kuipunguza utambi, na watoto arobaini wakamkodolea macho yule kuku bila kupumua. Kwanza alitembea. Akadonoa tenga. Akatoa sauti mbili tatu za kulalamika. Kisha akajikunja, akavimbisha manyoya, na kile kijingozi cha jicho kikapanda taratibu. Binti alimsogelea mpaka pua yake ikagusa tenga, akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akarudi kwenye dawati lake akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Amelala," akasema. "Soma, mwalimu."

Kama kuna siku nilizopewa za kuwa mwalimu wa kweli, ni zile. Jumatano na Ijumaa zilikuwa siku za kuku. Nilisoma Kobe anavyofunga miguu ya Swala kwa kamba na kuanguka kila hatua, nikampa Fisi sauti ya baba yangu akiigiza sauti ya mkubwa wake wa bandarini, na watoto wakacheka huku wameziba midomo wasije wakamwamsha kuku. Baada ya wiki mbili walitaka kusoma wenyewe. Walikuja mmoja mmoja mezani, kwenye mwanga wa koroboi, kidole chini ya mstari. Watoto ambao herufi walikuwa wanazitapika mchana walizisoma vizuri katika ule usiku wetu. Hadithi hizo walizijua tayari kwa bibi zao, kwa Kimakonde, na sasa walikuwa wakizikuta kwenye karatasi zikiwa zimevaa Kiswahili, na walifurahi kama mtu aliyemkuta jirani yake ugenini. Mara nyingine walikikosoa kitabu. Sungura hasemi hivyo, mwalimu. Waliniambia anachosema, nami niliandika pembeni kwa penseli.

Aliyesoma kuliko wote alikuwa yule binti. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukwama. Kabla ya kuanza alikuwa anachungulia tengani, na akiona jicho limefumba, anasoma. Alipomaliza hadithi ya Kobe mara ya kwanza, alinitazama akacheka, na pengo lake likaonekana. Nilikuwa sijamwona akicheka.

Siku moja ya Ijumaa Land Rover ya ofisi ya elimu ikaingia uwanjani. Hatukuisikia, kwa sababu tulikuwa tunacheka. Nilichosikia ni jamvi la mlangoni likivutwa, likaanguka, na jua likaingia lote kwa pamoja.

Mkaguzi alisimama pale kizingitini na tai yake na daftari lake. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Alikuwa mtu aliyetikiswa kwenye barabara ya mchanga kwa muda wa saa tatu nzima. Alitazama madirisha yaliyozibwa, akatazama koroboi inayowaka saa nne asubuhi, akawatazama watoto wanaotoka jasho. Kuku akaamka, akapiga kelele.

"Mwalimu," akasema, "hiki ni nini?"

"Ni kipindi cha kusoma, ndugu mkaguzi."

"Na huyu?"

"Ni kuku."

"Kwamba ni kuku naona."

Nilijaribu kumweleza. Nilipofika kwenye mikia na chakula kinachogoma kuiva, nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa nasikika. Akasema taifa linajengwa, shule zinafunguliwa mpaka vijijini kuondoa ushirikina, na mimi niliyesomeshwa kwa jasho la wakulima nafuga kuku darasani na kuwafundisha watoto giza. Akawaamuru wavulana wabandue mikeka yote. Kisha akachukua kitabu mezani, akafungua hadithi ya Kobe, akakinyanyua juu.

"Nani anaweza kunisomea hapa?"

Hakuna mkono. Nje jua lilikuwa limesimama, kila mtoto anaona mpaka bandari kama angekuwa na macho ya kutosha. Akamwonyesha mmoja kwa kidole, yule akainamisha kichwa. Akamwonyesha wa pili. Huyo naye akainama.

"Mwalimu, hawa hawajui kusoma."

"Wanajua, ndugu."

"Nani?"

Akafungua daftari akaanza kuandika, na huku anaandika anasema kwa sauti, nadhani nisikie: kwamba mwalimu hafai, kwamba atapendekeza aondolewe. Nilifikiria nyumba ya bandarini, na uso wa baba. Nilichotakiwa kusema kilikuwa chepesi. Ningesema, ndugu mkaguzi, wape kitabu cha kunawa mikono, watakusomea mpaka jioni. Maneno hayo nimeyatunga mara nyingi tangu siku ile, katika kila umri niliofika. Siku ile hayakuja.

Binti wa dawati la pili akasimama.

Alitembea mpaka mezani, akanitazama usoni, nami nikajua anataka kufanya nini. Ningeweza kumzuia. Neno moja lingetosha: rudi ukakae. Sikulisema. Akakipokea kitabu kutoka mkononi mwa mkaguzi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, na pale kwenye jua, kuku akihangaika tengani, akasoma hadithi ya Kobe tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakukosea hata neno. Wenzake walikuwa wameziba masikio, na mmoja alikuwa analia. Yeye hakulia. Alisoma polepole, kila neno, kama mtu anayelipa kitu ambacho amekwisha kukubali bei yake.

Mkaguzi alifurahi sana. Alimshika kichwani, akamwambia atakuwa mwalimu. Alifuta alichoandika, akaniambia nina kipaji ila niache mambo ya kuku. Land Rover ikaondoka. Binti akarudisha kitabu mezani, akachukua tenga lake, akaomba ruhusa kwenda nyumbani, nikampa.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano nikafunga sukari kwenye karatasi nikaenda kwa bibi yake. Nilimkuta anamenya mihogo mbele ya kibanda. Nilipiga magoti, nikamwamkia, akanikaribisha kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilitamani kutukanwa. Bibi aliendelea kumenya.

"Ntoto kasema walikuwa wanakufukuza," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hesabu imekaa sawa. Binti alikuwa ndani, alinisikia, hakutoka. Nilirudi shuleni nikilia njia nzima, na nilikuwa nalia kwa aibu. Mimi nilikuwa na baba na mama wazima, nyumba ya bati na mshahara. Mtoto wa miaka kumi alikuwa na mama mmoja aliyeko njiani, na alimtoa kwa ajili yangu, huku mimi nimesimama namwangalia.

Alirudi darasani Alhamisi. Alisoma kila nilichompa kusoma, isipokuwa kile kitabu hakukigusa tena, na mimi sikukifungua tena kwa miezi mingi. Jambo la ajabu ni kwamba kuanzia hapo aliyeamini nilikuwa mimi. Mimi, binti wa karani, Mkristo, mwenye cheti, nilianza kuogopa kila mtu aliyetoka upande wa mtoni asiye na habari. Jumamosi nilikuwa natembea mpaka mahali walipokuwa wanapokelewa watu waliovuka, nawauliza wanawake. Nilikuwa nimepewa alama na mwalimu mwenzangu: mrefu, chale za mashavuni zimechorwa kama mifupa ya samaki, kidole kidogo cha mkono wa kulia kimepinda. Walinitazama kwa huruma, wakidhani ni ndugu yangu. Wengine walisema wamemwona, halafu ilipofika kwenye kidole, wakasema siye. Nilikuwa narudi na kumkuta binti Jumatatu kwenye dawati lake, na hakuniuliza, na mimi sikumwambia kwamba nilikwenda. Tulikuwa tunasubiri kitu kimoja, kila mtu na upande wake. Mvua ikapita, muhogo ukakomaa, mikorosho ikatoa maua, halafu mabibo yakaanza kuanguka na kijiji kizima kikanuka utamu wake.

Ilikuwa asubuhi, somo la hesabu. Nilikuwa nimegeukia ubao, nikasikia darasa limenyamaza kwa namna ambayo haikuwa ya hesabu. Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mrefu, amekonda, miguu imevimba, na furushi dogo kichwani. Mkono wa kulia ulikuwa umelishika furushi, na kidole kidogo kilikuwa kimepinda.

Binti alimwona kabla yangu. Hakukimbia. Alisimama kwenye dawati lake, wima, kama nilivyowafundisha, na sauti yake ikatoka ndogo na safi.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Mama amekuja."

Nilishika meza nikaanza kulia mbele ya darasa langu, kilio kibaya, cha sauti, mwalimu mzima na chaki mkononi. Watoto waliogopa. Mama yule, ambaye hakujua Kiswahili, alitua furushi lake. Alimkumbatia binti yake kwa mkono mmoja, akamvuta ubavuni kwake, na huku anamshika hivyo akanijia mimi, akaniwekea kiganja kingine mgongoni, kikavu, kina joto. Akamwuliza binti yake jambo.

"Anauliza mwalimu analia nini," binti akasema.

Nilitaka kumwambia yote. Nilitaka asikie kutoka kwangu kwamba nilimruhusu mwanawe amtoe. "Mwambie," nikasema, na maneno mengine hayakutoka.

Binti alinitazama. Kisha akamgeukia mama yake, akasema maneno matatu manne kwa Kimakonde, mafupi. Mama akatikisa kichwa kwa kunionea huruma, akafungua ncha ya nguo yake, akanipa nifutie uso.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza.

"Nimemwambia una mafua."